Chuo kije mwisho: jibu kwa binti wa Kilosa anayetaka vilabu vya kilimo vya vijana

Msomaji mmoja anayeishi Tabata, Dar es Salaam, ameniandikia hivi: "Shikamoo Dokta. Mimi nimehitimu chuo, kwetu ni Kilosa. Nimesoma kwamba vyuo vikuu vya Marekani vina ofisi za kilimo katika kila kaunti ya vijijini, na chini yake kuna vilabu vya vijana vinavyoitwa 4-H. Tuko saba, wote wa Kilosa, tuna akiba kidogo. Tunataka kuanzisha kitu kama hicho nyumbani. Je, kwetu kinawezekana? Tuanzie chuoni, halmashauri au shuleni?"

Marahaba, binti yangu. Kinawezekana, na vingi mnavyovihitaji viko Kilosa tayari. Anzeni na watoto kumi na watano pamoja na afisa ugani wa kata. Mkuu wa shule na mtendaji wa kijiji wajue mapema, halmashauri ipelekewe barua, chuo kije mwisho. Najua umesoma kinyume chake, maana kule chuo ndicho kinachoonekana mbele. Lakini fuatilia jinsi mambo yalivyoanza utaona chuo hakikutangulia.

Mwaka 1862 Rais Abraham Lincoln alisaini sheria ya Morrill. Majimbo yalipewa ardhi ya serikali, na fedha iliyotokana nayo ikaanzisha vyuo vya kilimo na ufundi. Mwaka 1887 sheria ya Hatch ikaongeza vituo vya utafiti kwenye vyuo hivyo. Utafiti ukafanyika, vijarida vikachapwa, lakini elimu nyingi ikaishia getini. Mkulima wa mbali aliendelea kupanda kama alivyomwona baba yake akipanda. Hali hiyo wewe na mimi tunaijua, hatuhitaji kuelezwa.

Kilichovunja lile geti ni watoto. Januari 1902 msimamizi wa shule za vijijini katika kaunti ya Clark, Ohio, aliyeitwa A. B. Graham, aliwakusanya wavulana na wasichana kwenye chumba cha chini cha jengo la mahakama mjini Springfield. Kazi walizoanza nazo zilikuwa ndogo: mahindi, bustani za mboga na maua, kupima uchachu wa udongo wa kwao kwa karatasi za litmasi. Chuo kikuu cha jimbo kilikuja kuunga mkono jambo ambalo tayari linatembea. Mwaka 1910 mwalimu Marie Cromer wa kaunti ya Aiken, South Carolina, alianzisha klabu ya nyanya ya wasichana, kila mmoja na sehemu ya kumi ya ekari, na nyanya zikahifadhiwa kwenye makopo zikauzwa. Mwaka huo huo, katika jimbo hilo hilo, kijana wa klabu ya mahindi aitwaye Jerry Moore alivuna busheli zaidi ya 228 kwenye ekari moja. Kwa vipimo vyetu hizo ni karibu gunia 58 za kilo mia. Ekari ya kawaida ya watu wazima haikufikia hata robo ya hapo. Tafadhali usimwahidi mzazi yeyote wa Kilosa gunia 58. Nimekutajia ili uone kwa nini wazee walianza kuchungulia mashamba ya watoto wao.

Sheria iliyoajiri mabwana shamba wa kaunti chini ya vyuo, ile ya Smith-Lever, ilisainiwa na Rais Woodrow Wilson tarehe 8 Mei 1914. Hesabu mwenyewe: tangu klabu ya Graham ni miaka 12. Serikali kuu, jimbo na kaunti zilikubaliana kuchangia gharama kwa sababu kulikuwa na kitu cha kuchangia. Leo 4-H, yenye nembo ya jani la klova la vipande vinne, yaani kichwa, moyo, mikono na afya, maneno ambayo kwa Kiingereza yote yanaanza na H, inahesabu vijana karibu milioni 6. Kwa hiyo mtu akikwambia hatuwezi kuanza mpaka wizara itoe mwongozo, mwambie wenyewe walianza kwenye chumba cha chini cha mahakama.

Sasa tofauti yetu na wao ni hii. Katika ofisi ya kaunti ya Marekani, mtu analeta udongo kwenye mfuko, ofisi inaupeleka maabara ya chuo, majibu yanarudi yakiwa na ushauri wa chokaa na mbolea. Wenzake wa ofisi hiyo hiyo ndio wanaosimamia vilabu vya vijana. Chuo, ugani na watoto viko chini ya paa moja. Kwetu paa ni nne. Afisa ugani ni mtumishi wa halmashauri, chini ya TAMISEMI. Mtafiti wa TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, yuko Wizara ya Kilimo. Mhadhiri wa SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, yuko Wizara ya Elimu. Kuku na mbuzi wana wizara yao. Kila mmoja anafanya kazi, na baadhi wanafanya kazi nzuri sana. SUA kwa miaka mingi imetoa kozi fupi kwa wakulima, imewalea wahitimu wajasiriamali kupitia SUGECO, ushirika wa wahitimu wake, na kila Agosti utawakuta kwenye mabanda ya Nane Nane pale Morogoro. Lakini mtoto wa darasa la sita hayumo kwenye maelezo ya kazi ya yeyote kati yao. Hata BBT, mpango wa serikali wa kilimo kwa vijana uliozinduliwa mwaka 2023, ni wa vijana wakubwa: wanafunzwa, kisha wanapewa sehemu kwenye mashamba ya pamoja kama Chinangali kule Dodoma. Ni jambo lingine, na lina kazi yake.

Kilosa ina bahati ya pekee katika hili. Ilonga iko wilayani kwenu: kuna TARI Ilonga, inayoshughulikia alizeti, mahindi na mikunde, na pembeni yake kuna chuo cha MATI Ilonga kinachofundisha maafisa ugani. Kuna watoto wanaopita mbele ya geti lile kila siku wakienda shule na hawajawahi kuingia ndani. Hilo linaniuma. Halihitaji mfadhili kulirekebisha, linahitaji barua moja na mtu wa kuifuatilia.

Naomba nikueleze tulivyokosea sisi. Miaka ya nyuma nilikuwa kwenye mradi wa vilabu vya vijana katika vijiji kadhaa vya Mkoa wa Morogoro. Tulifanya uzinduzi, mgeni rasmi akaja, fulana zikagawiwa, mbegu zikagawiwa. Tukaweka kila kitu kwenye shamba la shule. Hapo ndipo tulipokosea, na tulipaswa kujua. Tangu Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 kila shule ilitakiwa iwe na shamba, na wazo la Mwalimu lilikuwa zuri: mtoto ajifunze kwa kufanya, ashiriki kuamua, aone matunda ya jasho lake. Lakini katika shule nyingi kilichobaki ni jembe kama adhabu. Aliyechelewa namba, akalime. Aliyepiga kelele, akalime. Mahindi yakivunwa mtoto haoni yalikokwenda. Halafu sisi tukaja na fulana tukamwambia mtoto huyo huyo kwamba kilimo ni fursa.

Mwalimu aliyesimamia klabu katika kijiji kimoja akapata uhamisho. Msimu uliofuata shamba likawa pori.

Niliporudi huko miaka miwili baadaye kwa kazi nyingine, mama mmoja aliniita nyumbani kwake. Binti yake alikuwa kwenye klabu, na siku ya kugawa mbegu aliumwa, akakosa. Mwanafunzi wetu wa field alimwonea huruma, akampa daftari la mistari na kumwambia aandike habari za kuku wa nyumbani. Basi. Daftari lile lilikuwa limejaa, ukurasa kwa ukurasa, safu zimepigwa kwa rula: tarehe, mayai, waliototolewa, waliokufa, mwewe, waliouzwa, wageni. Nikauliza safu ya wageni ni ya nini. Binti akanijibu bila kucheka: kuku waliochinjwa wageni walipokuja. Katika mwezi mmoja aliandika vifaranga 11 wametotolewa, mwewe 5, mgeni 1. Ukurasa wa baadaye vifaranga 12, mwewe 1. Nikamuuliza kilichobadilika. Alinionyesha tenga la nyanya lililofunikwa juu ya vifaranga, na jiwe juu yake. Aliona kwenye daftari kwamba wengi wanaliwa wiki za kwanza, akaamua wasitoke mpaka wawe wakubwa kidogo. Hakuna aliyemfundisha. Majirani wawili walikuwa wameshaweka matenga.

Tangu siku ile nimeacha kuamini klabu yenye shamba moja la wote. Kila mtoto awe na kitu chake, nyumbani kwao, mzazi akijua kwamba ni chake: jogoo na mitetea wawili, au matuta mawili ya mchicha, au miche ishirini ya miembe. Na awe na daftari. Kuchora safu, kuhesabu kila jioni, kujumlisha mwisho wa mwezi, huko ndiko kujifunza kwenyewe. Vilabu vya Marekani hadi leo vinamdai mtoto kumbukumbu za mradi wake, gharama na mapato, na mimi naamini hilo limevilinda kuliko nembo na nyimbo. Kenya nao wana vilabu vyao vya 4K, Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilivyofufuliwa mwaka 2021. Mkipata nafasi ya kwenda kuviona, ulizeni kwanza kama mtoto ana chake mwenyewe.

Ningekuwa ninyi, mradi wa kwanza ungekuwa kuku wa kienyeji na chanjo ya mdondo. Ugonjwa huo, wengine wanauita kideri, unaingia kijijini na kufagia banda zima ndani ya siku chache, hasa miezi ya kiangazi, na watu wameuzoea kama wanavyozoea upepo. Chanjo ipo. Ile inayoitwa I-2 inavumilia joto kuliko chanjo nyingine, inatengenezwa hapa hapa Kibaha, na inatolewa kwa tone moja kwenye jicho, kila baada ya miezi mitatu. Mtoto wa miaka kumi na miwili akiangaliwa na afisa mifugo anaweza kuidondosha: mwenzake anamshika kuku ubavuni, anageuza kichwa kidogo, tone linakaa juu ya jicho, anasubiri kuku apepese, ndipo anamwachia. Akimwachia kabla, tone limemwagika na kuku hajachanjwa. Ni jambo dogo, lakini nimeona watu wazima wakilikosea.

Kichupa kimoja kinatosha kuku mamia, na kikifunguliwa hakikai. Maana yake hakuna kaya moja inayoweza kukinunua ikakimaliza. Lazima mtaa mzima upange siku moja, na hapo watoto wanakuwa na kazi ya maana: wanapita nyumba kwa nyumba siku mbili kabla, wanahesabu kuku, wanakusanya mchango mdogo, wanawaambia watu wawafungie kuku asubuhi ile wasiachiwe mapema. Kiangazi kikija na mdondo ukapita, kila mtu kijijini ataona nyumba zipi zimebaki na kuku. Hapo mzazi atamfuata mtoto kumuuliza, kama walivyofanya wale wazee wa South Carolina.

Mzazi atakuwa na hofu, na hofu yake ni ya haki. Anajiuliza, je, kuku wangu akifa baada ya kutiwa hiyo dawa? Mwaka 1903 huko Terrell, Texas, mtaalamu wa kilimo Seaman Knapp alipotaka mkulima mmoja ajaribu njia mpya kwenye shamba lake, wafanyabiashara wa mji walichanga mfuko wa dhamana: mkulima akipata hasara, analipwa. Hakupata hasara, alipata faida, na shamba lile ndilo linalotajwa kama mwanzo wa mashamba ya mfano kule. Hebu tumieni sehemu ya akiba yenu kwa njia hiyo. Tangazeni kwenye kikao, mtendaji wa kijiji akiwepo: kuku aliye mzima atakayekufa ndani ya siku tatu baada ya kuchanjwa, tutamlipa. Ila msichanje kuku aliyeanza kuumwa, maana chanjo haimponyi na ninyi ndio mtakaolaumiwa.

Watoto wasiguse viuatilifu. Nasema hivyo bila mjadala. Kama klabu itakuwa na mahindi, kazi ya watoto dhidi ya viwavijeshi vamizi, waliotuingilia mwaka 2017, ni kukagua majani asubuhi, kuhesabu mimea iliyoshambuliwa katika kila mia, na kuponda mayai na viwavi kwa mkono. Pampu ya mgongoni ni ya mtu mzima aliyefunzwa. Kwa upande wa udongo, chupa ya maji ya plastiki inatosha: jaza theluthi moja udongo, ongeza maji, tikisa kwa nguvu, iache usiku kucha. Asubuhi mchanga uko chini, udongo laini katikati, mfinyanzi juu. Kila mtoto alete udongo wa kwao, mpange chupa ukutani. Watajua wenyewe kwa nini bustani ya huyu inatuamisha maji na ya yule inakauka.

Sasa ninyi saba mlio Dar. Mtataka kwenda kuwafundisha watoto kilimo, na nauli itawamaliza, hata kwa treni ya SGR inayofika Kilosa. Aende mmoja wenu kwa mwezi, kwa zamu, tarehe ile ile, asikose. Lakini kazi ambayo afisa ugani wa kata hawezi kuifanya, na ninyi mnaweza bila kupanda gari, ni bei. Mmoja apite soko la kuku Shekilango kila Jumamosi, aulize jogoo wa kienyeji ni shilingi ngapi, mtetea ni ngapi, aandike, atume kwa simu kwa mzazi mmoja anayeaminika. Watoto waingize bei kwenye daftari pembeni ya bei ambayo mchuuzi wa baiskeli anawapa mlangoni. Wajumlishe nauli, matenga, ushuru, kuku wanaokufa njiani. Baada ya miezi mitatu watajua mchuuzi anachokula ni cha haki au anawapunja. Kama wana mboga, wafundisheni pia maana ya lumbesa, wajue gunia lenye kilemba juu linamnyang'anya nani. Elimu hiyo hakuna chuo kinachoipeleka kijijini, na ninyi mnaiona kila siku mkipita Kariakoo na Mabibo.

Chuo mtakiendea baada ya msimu mmoja, mkiwa na madaftari mkononi. Msiombe mradi. Ombeni vitu vidogo vyenye tarehe. MATI Ilonga iwape wanafunzi wawili wa mafunzo kwa vitendo, kila mwaka, kijiji kile kile. TARI Ilonga ifungue geti siku moja kabla ya mavuno ili watoto watembezwe kwenye vitalu vya alizeti waulize maswali. SUA ipokee sampuli za udongo za kijiji kizima zikiwa zimefungwa na kuandikwa vizuri, kwa gharama mtakayokubaliana, na majibu yaletwe na mtu, yasomwe kwenye mkutano. Sisitizeni hilo la majibu. Wanakijiji wetu wamechoka na watu wa dodoso wanaokuja, wanauliza una kuku wangapi, wanaondoka na hawaonekani tena. Chuo kinachorudi na majibu kitapokewa kwa heshima mpaka kishangae.

Shuleni mtahitaji kibali cha mkuu wa shule na ridhaa ya kila mzazi kwa maandishi, lakini klabu msiifanye mali ya mwalimu mmoja. Muwe na mwalimu, mama mmoja na afisa ugani. Uhamisho ukimchukua mmoja, wawili wanabaki. Habari ya mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya wanawake, vijana na wenye ulemavu, ni ya watu wazima, kwa kawaida wenye kikundi kilichosajiliwa. Kaka na dada zao wakitaka, afisa maendeleo ya jamii atawaelekeza. Isiingizwe kwenye klabu ya watoto.

Kuna jambo moja la Marekani ambalo sitaki mlichukue. Kwa miaka mingi, katika majimbo ya kusini, watoto weusi waliwekwa kwenye vilabu vyao vya peke yao, vikiwa na fedha kidogo, hadi miaka ya 1960. Mpango mzuri uliwaacha nje watoto waliouhitaji zaidi. Sisi nasi tuna wa kwetu. Kilosa ni wilaya ya wakulima na wafugaji, na unaijua migogoro yake kuliko mimi. Kama klabu yenu itakuwa na watoto wa wakulima peke yao, mtakuwa mmejenga ukuta mwingine. Kuku hana kabila wala malisho ya kugombania. Tafuteni watoto wa Kimasai na wa Kisukuma tangu siku ya kwanza, hata kama boma liko mbali. Na wasichana wasipungue nusu. Ukiacha waje wenyewe, wavulana watajaa, maana msichana saa kumi jioni yuko kisimani.

Mtakapokuwa tayari, nitumie nakala ya barua kwa mkurugenzi wa halmashauri niipitie, na picha ya ukurasa wa kwanza wa daftari mtakalowapa watoto. Safu ya wageni muiache.